Bia nyeusi ya mtindo wa Ubelgiji, asilimia 9: niinywe ikiwa na baridi kiasi gani?

FundiJokofu_Tanga:

Heshima yenu wakuu.

Mimi ni fundi majokofu, nipo Chumbageni, Tanga. Bia nakunywa kwa kiasi, na hadi mwezi uliopita nilijua aina moja tu: ya njano, ya baridi, baada ya kazi. Shemeji yangu anaishi Marekani. Alipokuja likizo aliniletea chupa mbili kubwa za mililita 750, amezifunga ndani ya kanga zake zisivunjike njiani. Kizibo kimefungwa kwa waya kama cha shampeni. Ni bia nyeusi ya kiwanda kidogo cha huko, wametengeneza kwa kufuata bia kali za Ubelgiji.

Ya kwanza niliilaza kwenye jokofu siku 2. Nilipoitoa nikaipima, nyuzi 3 (kipimajoto hakikosi kwenye begi langu). Nikaimimina haraka mimi na jirani yangu, povu likapanda likamwagikia mezani. Ladha: uchungu kidogo, moto wa pombe kooni, basi. Glasi ya mwisho ikatoka imechafuka kama mto Sigi wakati wa masika, na chini tope la kahawia. Jirani akasema imeharibika, nimwage. Iliniuma sana, nikikumbuka zile kanga.

Sasa kilichonileta hapa. Glasi yangu niliiacha barazani nikaenda kuongea na mteja kwenye simu. Nimerudi baada ya nusu saa, naiinua ninywe niimalize, pua ikakutana na tende. Tende kabisa, zile laini zinazoshikana. Glasi ileile!

Imebaki chupa moja na sitaki kuiharibu. Lile tope ni nini? Na hii bia inatakiwa nyuzi ngapi? Harufu ya tende inatoka wapi wakati kwenye lebo hakuna tunda lolote? Natanguliza shukrani.

KauntaBagamoyo:

Kaka Fundi, bia yako ilikuwa nzima. Nimekaa kaunta za hoteli hapa Bagamoyo miaka 11, na wageni wa Kibelgiji ndio walionifundisha.

Tope ni chachu. Bia hizi wakati wa kuzijaza kwenye chupa huongezwa sukari kidogo na chachu hai, zikachachuka tena humohumo zikiwa zimezibwa. Gesi yake inatokana na hapo, ndiyo maana povu lilikurukia. Ukilaza chupa, chachu inasambaa ubavuni, na ukimimina inavurugika yote. Isimamishe wima siku nzima au mbili. Mimina polepole, glasi umeiinamisha, ubakishe kama kidole kimoja chini. Hayo mashapo hayana madhara, wengine huyanywa mwishoni peke yake.

Baridi: nyuzi 10 hadi 14. Kwa nyuzi 3 harufu hazipandi, unabaki na uchungu na ukali. Tafuta bilauri ya mdomo mpana yenye mguu, na uisuuze vizuri. Mafuta na sabuni vinaua povu.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa watu huwa wananiuliza kama bia hizi ni za mapadre kama wa hapa. Hapa kwetu mapadre walifika mwaka 1868, lakini hao ni Shirika la Roho Mtakatifu. Wanaojulikana kwa bia hizi nyeusi huko Ubelgiji ni wamonaki Watrapisti, wa monasteri kama Chimay, Rochefort na Westvleteren.

MzeeWaKimea:

Kijana, dada amekujibu vizuri. Mimi nilikuwa upande wa matangi kiwandani kabla ya kustaafu, nikujibu hilo la tende.

Hakuna tunda. Chachu ya Kibelgiji hufanya kazi kwenye joto, nyuzi 20 na zaidi, wakati bia zetu za njano huchachushwa kwenye ubaridi. Kwenye joto hilo chachu hutoa harufu za matunda na viungo: ndizi, zabibu, karafuu. Halafu kuna sukari ya kupikwa hadi ikawa nyeusi. Fikiria sukari guru, halafu uende mbele kidogo, karibu na kuungua. Rangi nyingi na ile tende hutoka hapo na kwenye kimea chenyewe. Ni tofauti na stauti, bia nyeusi ya aina nyingine, ambayo weusi wake ni wa nafaka iliyokaangwa, ndiyo maana stauti ina ladha ya kahawa.

Na ujue, sukari hiyo chachu huila karibu yote. Kwa hiyo utanusa utamu, lakini ukimeza mdomo unabaki mkavu. Bila sukari, bia ya asilimia 9 ingekuwa nzito kama uji.

Tahadhari: mililita 750 kwa asilimia 9 ni zaidi ya mililita 67 za pombe tupu. Chupa ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Gaweni, na hakuna kuendesha pikipiki.

MtuWaPangani:

Mbona ni mambo ya pombe ya mnazi hayo. Asubuhi tembo tamu, jioni kali, utamu umeliwa na chachu. Tofauti mnazi haungoji chupa.

FundiJokofu_Tanga:

Dada Kaunta, Mzee wangu, nimerudi. Nimefungua jana usiku.

Chupa ilisimama siku 2. Nimeitoa ikiwa nyuzi 4, chumba nyuzi 29, ikachukua kama dakika 50 kufika 10. Jirani aliyesema nimwage nilimwita makusudi. Bilauri sina, nikatumia mabakuli madogo ya kioo ya aiskrimu yenye mguu. Yamefaa.

Kwa nyuzi 10: povu la rangi ya maziwa ya chai, halishuki. Harufu ya karafuu kwanza, halafu ndizi kisukari iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi. Ukiangalia kwenye taa si nyeusi, ni nyekundu iliyokolea kama ukwaju uliolowekwa.

Kwa nyuzi 13, dakika kama 15 baadaye, tende zikafika. Hapo nikazima feni, ilikuwa inapeperusha harufu. Nyuma ya tende kuna kitu nilihangaika nacho sana mpaka mke wangu alipoonja kijiko kimoja akasema, "Kashata." Kweli: ile sukari iliyoshika chini ya sufuria ya kashata, kabla haijaungua. Na Mzee, ulivyosema ndivyo. Nilikuwa nategemea utamu, mdomo ukabaki mkavu, na joto likashuka kifuani taratibu badala ya kunichoma koo.

Nyuzi 16 kwenda juu pombe inaanza kujitokeza puani, kwangu ilikuwa imepita. Kwa hiyo mimi nasema 12 hadi 14. Mwenye jokofu la nyumbani lisilo na kipimo, itoe, iache juu ya meza karibu saa nzima, ndipo ufungue.

Mashapo nimeyanywa mwisho peke yake. Yana ladha ya mkate mbichi. Jirani ameniomba ile chupa tupu, ameiweka kabatini kwake.

KauntaBagamoyo:

Kashata! Miaka 11 nilikuwa nawaambia wageni "karameli". Mwambie mkeo nimempenda.