Mpira, mashine au tumbo la nguruwe: tuanzie wapi kufunza endoskopi?

Mwana_Tudor: Wenzangu, hapa Mombasa tumepata fungu dogo la kuwafunza madaktari endoskopi, yaani kutazama ndani ya tumbo na utumbo kwa bomba lenye kamera, kabla hawajashika mgonjwa. Nalinganisha modeli ya mpira ya utumbo mpana kama ya Kyoto Kagaku, mashine ya uhalisia pepe (mgonjwa ni wa kompyuta) kama GI Mentor, na tumbo la nguruwe kwenye trei, ule mtindo wa Erlangen, Ujerumani. Pesa zatosha kimoja na nusu. Mwasemaje?

Dkt_Mvita: Mpira. Mwanafunzi mgeni hashindwi na ugonjwa, ashindwa na mikono. Kidole gumba cha kushoto hakijazoea kuwa kwenye mshikio wa bomba gurudumu kubwa ni la juu na chini, dogo la kushoto na kulia. Mkono wa kulia nao wasukuma tu, hauzungushi. Modeli ile waipanga utakavyo. Ukitaka sigmoidi, ile sehemu ya utumbo mpana iliyopinda karibu na mwisho, ifanye kitanzi, yafanya: bomba laingia, picha haisogei. Hapo ndipo ajifunzapo kurudi nyuma na kunyoosha. Kasoro yake, hautoi damu, na wakishaizoea njia wanaikariri.

Registra_Nyali: Mie natetea mashine. Haili bomba la hospitali, yarekodi muda na sehemu ya ukuta uliyoiona, na ukisukuma vibaya mgonjwa wa kompyuta alalamika. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 18, yaona kuwa inafaa kuongezea mafunzo ya kawaida. Lakini nisifiche: hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba yaweza kushika nafasi ya mafunzo hayo.

FundiVifaa: Ulizeni kwanza habari ya matengenezo. Kuna mashine moja naijua imefunikwa shuka. Leseni ya programu iliisha, na ile sehemu inayoukinza mkono imekwama. Mpira waoshwa, wapakwa mafuta, basi.

Nesi_Kongowea: Na damu je, madaktari? Mtu aja usiku akitapika damu, umfunge mishipa ya umio kwa ringi au ubane kidonda kwa klipu. Hilo mpira haulifunzi. Kwenye ule mtindo wa Erlangen mshipa washonwa ukutani mwa tumbo, maji mekundu yasukumwa kwa pampu, yaruka usoni mwa kamera. Ila bomba lililoingia kwa mnyama lisirudi kwa mgonjwa kabisa.

Makadara_wetu: Nguruwe Mombasa hii? Wengi hawatamgusa, na sitawalaumu. Mbuzi hafai?

Dkt_Mvita: Ndugu yangu, mbuzi acheua, ana vyumba 4 tumboni, utapotea kwenye cha kwanza. Hata nguruwe si binadamu: kwenye mlango wa kutokea tumboni ana nundu ya nyama, na utumbo wake mpana umejizungusha. Kwa kukata polipu, kile kinyama kinachoota ukutani mwa utumbo, omba kipande cha utumbo mpana wa ng'ombe machinjioni. Vuta ukuta kidogo, funga uzi, umepata polipu. Sahani ya kurudishia umeme iguse nyama chini, la sivyo waya wa kukatia haukati. Kuzuia damu ndiko kutakakotushinda bila nguruwe. Hilo wapelekwe kozi kwingine, anayeridhia.

Registra_Nyali: Sawa, mpira kwanza. Ila mashine tuiombe kwa kushirikiana na hospitali nyingine.

Mwana_Tudor: Naandika ombi: mpira, na siku za utumbo wa ng'ombe. Dada nesi, lile bomba lililofeli kipimo cha kuvuja bado lipo? Tulitenge liwe la mazoezi.

Nesi_Kongowea: Lipo kabatini. Libandikwe "si la mgonjwa" pande zote mbili, na halitoki kwangu bila saini yako, dokta.