Ukoo wa Bibi Zuhura, Uswisi: safari ya Elm

Shangazi Mwanaidi, 18:04
Assalamu alaikum wote. Naandika kwa mara ya tatu wiki hii. Tarehe 30 Septemba na tarehe 1 Oktoba jua litapenya katika tundu la mlimani liitwalo Martinsloch na kuangaza kanisa la kijiji cha Elm kwa takriban dakika mbili, kama saa tatu na nusu asubuhi. Likipita, hatutaliona tena hadi katikati ya Machi, wakati ambapo kule kuna theluji na Babu hawezi kutembea. Naomba kila nyumba initajie idadi ya watu wake kabla ya Ijumaa.

Shangazi Mwanaidi, 18:52
Naona watu kumi na sita wamesoma na hakuna aliyejibu.

Hamisi, 19:10
Shikamoo Shangazi. Nilikuwa kazini. Je, hilo ndilo tundu ambalo wenyeji husimulia kwamba Mtakatifu Martin alimrushia jitu mwizi wa kondoo fimbo yenye ncha ya chuma, akalikosa, fimbo ikatoboa mlima? Ikiwa ndilo, naomba Mjomba Athumani asikabidhiwe fimbo, kwa kuwa sote tunakumbuka alivyolenga embe akapata dirisha la Mwalimu.

Mjomba Athumani, 19:12
Dirisha lile lilikuwa na ufa tangu zamani.

Zainabu, 19:13
Mjomba, Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuuona ufa huo. 😂

Shangazi Mwanaidi, 19:15
Naomba idadi, tafadhali. Treni itatufikisha Schwanden, na kutoka hapo tutapanda basi kufuata bonde la Sernf. Reli iliyopanda bonde hilo tangu mwaka 1905 iliondolewa mwaka 1969, kwa hiyo atakayekosa basi atakuwa amelikosa jua.

Rukia, 20:31
Nitakuja baada ya kuelezwa habari ya pesa za basi la Luzern.

Shangazi Mwanaidi, 20:33
Rukia, jambo hilo nilikwisha kulieleza.

Rukia, 20:34
Ulimweleza Athumani. Sisi tuliochanga hukutueleza, na mama yangu alisimama kituoni siku ile hadi miguu ikavimba.

Juma, 20:50
Shikamooni wakubwa zangu. Napendekeza kwamba baada ya jua watoto wapelekwe pia mahali mlima ulipoanguka. Jioni ya Jumapili, tarehe 11 Septemba 1881, takriban mita za ujazo milioni 10 za mwamba ziliporomoka juu ya sehemu ya chini ya kijiji na kuua watu 115. Nimesoma kwamba walikuwa wakichimba mawe ya vibao chini ya mlima bila kuacha nguzo za kutosha, wakaendelea hivyo hadi mwamba wa juu ukakosa mahali pa kuegemea. Kwa maoni yangu, watu wale waliuawa na uroho wao.

Babu Omari, 21:22
Wanangu na wajukuu zangu, nimesoma yote. Juma, neno uroho liondoe.

Nilikamua ng'ombe katika bonde lile kwa majira mengi ya kiangazi kabla ninyi hamjazaliwa. Nyumba yenye ng'ombe wachache na vipande vya majani kwenye miteremko mikali haikuweza kuvuka majira ya baridi kwa maziwa na jibini peke yake, kwa hiyo wanaume waliingia machimboni. Jiwe walilolitoa lilikatwa kuwa vibao vya kuandikia vya shule. Mimi mwenyewe niliandika herufi yangu ya kwanza juu ya kibao cha namna hiyo, na sikuwahi kujiuliza kilitoka chini ya mlima wa nani.

Tena mlima haukuanguka mara moja. Ulianguka mara tatu. Baada ya anguko la kwanza wapo waliokimbilia kuwasaidia majirani zao, na anguko la pili likawakuta huko. Waliopanda mteremko wa Düniberg, ng'ambo ya bonde, wakidhani wamenusurika, walifuatwa na kifusi cha anguko la tatu, kwa sababu kilivuka sakafu ya bonde na kupanda upande wa pili. Mtu aliyekufa akimwendea jirani yake haitwi mroho.

Kwa hiyo tutakwenda siku moja kabla. Tutasimama kwanza kwenye ukumbusho wa waliofariki, na asubuhi yake ndipo tutatazama jua.

Juma, 21:25
Nisamehe, Babu. Nimeliondoa.

Hamisi, 21:26
Tumesikia, Babu.

Mjomba Athumani, 21:40
Tumesikia.

Shangazi Mwanaidi, 21:58
Babu, neno lako limepita. Ila sasa safari ya asubuhi moja imekuwa ya kulala, na sikuwa nimepanga gharama ya malazi. Zaidi ya hayo, hizo ni siku za masomo, na wenye watoto wataomba ruhusa ya siku mbili badala ya moja.

Zainabu, 22:05
Nitamwuliza mwalimu wao kesho. Siahidi.

Rukia, 22:17
Babu, kwa heshima yako nitakuja kwenye ukumbusho. Pesa za malazi sitampa mtu mkononi. Nitailipa nyumba ya wageni mwenyewe.

Mama Neema, 06:12
Samahani, nimesoma yote alfajiri hii. Je, mawingu yakiufunika mlima asubuhi ya tarehe 30, tutabaki hadi tarehe 1, au tutarudi?

Shangazi Mwanaidi, 06:40
Swali lako ni la haki, Mama Neema, nami sina jibu hadi nijue nani anaweza kukosa kazi siku ya tatu. Hadi sasa nina watu saba, na watatu kati yao wanasubiri ruhusa ya shule. Rukia, nipigie simu leo mchana, tuzungumze habari ya Luzern sisi wawili.