Naomba ushauri: laptopu ikihama kutoka waya kwenda waifai, DNS inalikataa jina lake

Habari zenu wakuu. Ofisini tumeachana na ISC DHCP (programu ya kugawia mashine IP, yaani anwani za mtandao), maana haitunzwi tena tangu 2022, tukaweka Kea, mrithi wake, pamoja na BIND 9 (seva ya DNS, inayotafsiri majina ya mashine kuwa IP). Ufunguo wa TSIG, ambao Kea inautumia kujithibitisha kwa BIND, unakubalika, mashine ikipata IP jina lake linaingia kwenye DNS lenyewe, rekodi ya A (jina kwenda IP) na PTR (IP kwenda jina) zote zipo. Hapo safi.

Shida ni laptopu. Ya mhasibu ikichomoa waya na kuingia waifai, MAC (namba ya kadi ya mtandao) inabadilika, na Kea inaona ni mashine nyingine kabisa inayodai jina lenye mwenyewe. DHCID (alama ya kutambua mwenye jina) iliyopo kwenye zoni, yaani orodha ya majina ya DNS, hailingani na mpya, basi usajili unakataliwa na jina linabaki kwenye IP ya zamani mpaka muda wa kukodishiwa IP hiyo uishe.

Nimeona naweza kuweka ddns-conflict-resolution-mode iwe no-check-with-dhcid, yaani jina liandikwe upya bila kukagua DHCID iliyopo. Itafanya kazi, lakini naogopa: mtu yeyote akiita simu yake "printa" si atainyang'anya printa yetu jina? Au printa na seva niziwekee zoni yake isiyoguswa na DHCP? Mlio na mchanganyiko wa waya na waifai, nyie mmefanyaje?