Tupeane uzoefu: umewahi kuwapa watoto wadogo maneno "makubwa" darasani? Ilikuwaje?

Mwl_Mpakani (Busia):
Leo mwenzangu wa P2 (darasa la pili) kanisikia nikiwaambia watoto wangu wa P1 kwamba mawingu yametanda. Akacheka, akasema hao waambie tu "mawingu mengi", hayo mengine watayakuta P6. Nina hasira tangu asubuhi. Mtoto wa miaka sita anayeshika majina ya wachezaji wote wa timu ya kaka yake atashindwa na kutanda? Walimu, wazazi, leteni yenu, yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika.

MamaZuhra:
Umenitonesha kidonda, nyabo. Nilikuwa nafundisha chekechea Kampala, mtaa niuache. Mada ya wiki ilikuwa mavazi. Nikaleta kanzu kuukuu ya marehemu baba, gomesi (gauni la Kiganda) iliyopigwa jua miaka, soksi yenye tundu. Tukazishika, hata kuzinusa: hii imechakaa, hii imepauka, hii imetoboka. Watoto waliyapenda maneno yale, wakaanza kukaguana sare.

Jumatatu nafika getini nakuta ukoo mzima umenisubiri. Mama, baba, na jajja yuko juu ya boda, hataki hata kushuka. Kumbe Jumapili, sebule imejaa wageni, mtoto alimtazama bibi yake usoni akatangaza: "Jajja amechakaa." Banange! Baba anafoka kwamba namfundisha mwanawe matusi. Mkuu wa shule hakuuliza neno. Alinigeukia mbele ya wazazi waliokuwa wanaleta watoto, akasema kuanzia leo ni rangi, namba na wanyama, basi. Nilisimama pale nimekumbatia ile kanzu, machozi yananitoka, na watoto wangu wananitazama.

Ila sikukubali, na sikubali mpaka leo. Yule mtoto hakutukana. Aliona kilichotumika siku nyingi kikapungua nguvu, akakitafutia neno, akalipata. Hakujua tu neno lenyewe linaishia wapi. Na atajuaje kama haruhusiwi kulitumia mpaka ligonge mwamba? Kesho yake niliweka mezani shati, msumari wenye kutu, ndizi iliyopitiliza na picha ya mzee. Shati huchakaa, msumari hushika kutu, ndizi huoza, mtu huzeeka. Wakaanza kubishana wenyewe: kiatu je? Mti je? Mmoja akauliza paka huchakaa au huzeeka. Sijawahi kufundisha somo zuri kama lile, na nililifundisha mlango umefungwa.

Akello_wa_Lira:
Pole sana dada. Yamenikuta hayo hayo kwa neno "mkaidi".

Mzazi_Ntinda:
Mimi niko upande wa mkuu wa shule. Mtaala wa Uganda wa tangu 2007 unataka P1 hadi P3 wasome kwa lugha ya eneo lao, P4 ndiyo mwaka wa kuhamia Kiingereza. Mtoto ana Kiganda nyumbani, Kiingereza anakisubiri mlangoni, sasa mnamwongezea Kiswahili pamoja na mapambo yake?

Bombo_Juu:
Ssebo, hayo si mapambo. Sisi wa Bombo tumekua na Kinubi, Kiswahili na Kiganda katika ua mmoja, na hakuna aliyepasuka kichwa. Baraza la Mawaziri lilishapitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima. Basi kije kizima. Kwa miaka Waganda wengi wamekijua kile cha kambi za jeshi tu, cha "kaa chini" na "leta kitambulisho". Mtoto akisikia amri peke yake, ataipendaje lugha?

Mzazi_Ntinda:
Kupitisha ni jambo moja, kupata walimu ni jingine.

Bombo_Juu:
Hapo tunakubaliana. Lakini waliopo msiwafunge midomo.

Msomi_Gulu:
Kuna utafiti wa Marekani, wa Hart na Risley, 1995. Ulikadiria kwamba kufikia miaka 4 mtoto wa familia maskini huwa amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa wenye nacho. Kwa hiyo darasani ndipo pa kuziba pengo.

Ukweli_Mtupu:
Familia 42, tena za huko huko, na watafiti wengine wameupinga. Bibi yangu hakuwa na senti ila alikuwa na vitendawili vya usiku mzima. Usituambie maskini ni bubu.

Msomi_Gulu:
Nani kasema bubu?

Ukweli_Mtupu:
Umesema pungufu. Kwetu wakati wa koyi koyi (vitendawili vya Kiganda) hata mtoto wa miaka minne alitega, na aliyeshindwa alitoa mji. Hilo pengo la milioni sikuliona.

Mwl_Nakivale:
Ngojeni niwape langu. Nafundisha watoto wa wakimbizi hapa Nakivale. Wengi ni Wakongo waliokuja na Kiswahili chao, Warundi na Wanyarwanda wanakiokota pale pale. Darasa limejaa mpaka mlangoni, vitabu vichache. Kwa hiyo asubuhi tunazunguka uwanja kwa vitenzi: nyata, tambaa, jikongoja, jikunja, tanua mikono, inuka polepole.

Msimu wa mvua, mtoto mmoja mkimya kabisa aliomba ruhusa ya chooni, akarudi mbio. Angeweza kupiga ukelele "nyoka!" na sote tungetawanyika bila kujua tunakimbilia wapi. Alisimama akasema: "Mwalimu, nyoka amejikunja nyuma ya pipa la maji. Ametanua shingo, anainuka." Hapo hapo nikajua yuko wapi, ni nyoka gani na anataka nini. Wadogo wa chekechea walikuwa karibu kutoka kwenda kunawa kwenye pipa hilo hilo. Nikawazuia ndani, nikawaita wapishi, wakaja na fimbo ndefu. Yule mtoto hakuwa amesema sentensi nzima darasani tangu afike kutoka Kongo.

Akello_wa_Lira:
Mwili umenisisimka.

Boda_Mbarara:
Swila huyo! Anatema mate machoni. Mlimuua?

Mwl_Nakivale:
Waliua.

Ukweli_Mtupu:
Mngeita watu wa wanyamapori.

Boda_Mbarara:
Mpaka wafike Nakivale watoto wamenawa, wamekula, wamelala. Mate yakimwingia mtu machoni mwosheni kwa maji mengi hapo hapo, halafu kituo cha afya. Msikande na dawa yoyote ya mtaani.

Mzazi_Ntinda:
Pipa lenyewe liondolewe kwenye nyasi.

Mwl_Mpakani:
Jamani, mada ni maneno, nyoka tumeshamaliza naye. Darasani mnayaingizaje?

MamaZuhra:
Mimi maneno matatu kwa wiki, hayazidi. Ila nayatumia kila mahali: kwenye foleni ya uji, wakinawa, wakigombana. Uji ni mzito au mwepesi, unafuka mvuke au umepoa.

Bombo_Juu:
Matatu ni machache. Mwaga mengi, watabeba watakayoweza.

Akello_wa_Lira:
Kabla ya hadithi eleza maneno magumu, wasipotee njiani.

Mwl_Nakivale:
Mimi siwezi. Hadithi kwanza, yote, bila kuikata. Nikifika "sungura akaduwaa" naduwaa mwenyewe, macho pima, mdomo wazi. Wanaelewa. Neno tunalirudia baadaye. Na mboga moja naitaja kwa majina yote matatu, mchicha, lengalenga, doodo, kila mtoto asikie ya kwao mdomoni mwa mwalimu.

Mzazi_Ntinda:
Hilo la mboga limenipata. Wangu jana kaniambia supu "imechuja". Sijui kaitoa wapi, ila ilikuwa kweli imechuja, nikaongeza nyanya.

Mwl_Mpakani:
Mwl_Nakivale, tupe vitenzi vyako vyote vya uwanjani, kesho naanza na P1 wangu. Na yule mwenzangu wa P2 nitamwalika.

Mwl_Nakivale:
Kunyata, kutambaa, kujikongoja, kuchechemea, kuyumba, kupepesuka, kuchuchumaa, kuchutama, kuruka kichura, kujikunja, kujinyoosha, kutimua mbio. Kimoja kipya kwa siku, vya zamani unavirudia. Kupepesuka wafanyie kwenye majani, si kwenye saruji, wanapenda kuanguka kabisa. Kutimua mbio weka mwisho, maana hawarudi upesi.