Je, Moshi inaweza kuishi kwa bioteknolojia?

Swali: Wakuu, mji wetu umetegemea kahawa, watalii wa mlima na hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Je, bioteknolojia, yaani matumizi ya viumbe hai kutengeneza bidhaa, inaweza kuwapa vijana wetu ajira za kudumu, au ni maneno ya kwenye makongamano tu?

Jibu la 1: Mkuu, fika Lyamungu kwanza. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko huko, TaCRI, imetoa aina chotara za arabika zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na kwa kuwa miche yake huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya shina badala ya mbegu, kila mche hubeba sifa zilezile za mama yake. Bomba la dawa ambalo shangazi yangu wa Kibosho alikuwa akilibeba mgongoni msimu mzima, sasa limeota kutu stoo.

Jibu la 2: Nakubali, lakini utafiti si kiwanda. Katika maabara niliyowahi kufanyia kazi, vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, viliagizwa nje, na umeme ukikatika tulikimbilia friji kabla ya jenereta. Wahitimu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Arusha wanao ujuzi. Kinachokosekana ni mtaji mvumilivu, usiodai faida ya haraka.

Mwuliza swali: Asanteni. Miche hiyo hupandwa lini?

Jibu la 1: Masika yakianza, ila mashimo uyachimbe mapema.