Nimefungiwa koilova, tairi inasagwa na shokapu, fundi anakata plastiki ya fenda!

Wakuu, nina hasira na nitaandika yote, maana tairi ya mbele kushoto imekufa kabla haijafikisha hata miezi miwili.

Nilinunua seti ya koilova, zile shokapu zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari. Muuzaji alitangaza kwa herufi kubwa kwamba zinaingia kwenye gari langu bila kubadilisha chochote. Rimu sikugusa: inchi 17, upana 7.5, ET 45 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu, yaani pale rimu inapofungwa), tairi 225/45. Gereji wakafunga, wakashusha gari kama milimita 30, nikapewa funguo. Siku hiyo hiyo nikaanza kusikia sauti kama msasa unapitishwa kwenye raba. Barabara imenyooka, hakuna shimo, usukani umetulia, sauti ipo. Nikiongeza mwendo, nayo inaongezeka.

Hapo tu fundi makini angeshajua tatizo liko wapi. Tairi inayogusa fenda hulalamika ukikata kona au gari likizama kwenye tuta. Inayolalamika muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka, inagusa kitu kinachotembea nayo pamoja. Nikamweleza hivyo. Akanijibu, "Bosi, ukishusha gari lazima fenda iguse," akachukua kisu akakata plastiki ya ndani ya fenda. Plastiki nzima, isiyokuwa na alama hata moja ya kuguswa!

Sauti haikuisha. Nikarudi. Safari hii akasema ataongeza kemba, ailaze tairi kwa ndani ili juu ikae mbali na fenda. Na hapa ndipo aliponiua kabisa. Gari langu mbele lina mfumo wa shokapu uitwao MacPherson: shokapu imefungwa kwa bolti mbili moja kwa moja kwenye chuma kinachobeba habu. Yeye aliipata hiyo kemba kwa kuweka bolti ya kuchezesha pembe pale pale kwenye zile bolti mbili. Ukiilaza tairi kwa kutumia hizo bolti, sehemu yake ya juu inaisogelea shokapu. Yaani tairi ilikuwa inagusa kikombe cha kubebea springi, na yeye akaisukuma ikikumbatie kabisa! Siku chache baadaye nikaona ubavu wa ndani umechongwa mduara mzima, nyuzi za ndani zinachungulia. Ubavu ukifika hapo hauzibiki, tairi ni ya kutupa. Ingepasuka nikiwa kwenye mwendo mkali na familia ndani, nani angejibu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kipimo chenyewe ni cha dakika moja. Kwenye MacPherson, ukikata usukani shokapu inazunguka pamoja na tairi, na gari likizama sehemu ya chini ya shokapu inapanda pamoja na tairi. Nafasi kati ya hivyo viwili haibadiliki. Unapiga jeki, unafunga tairi, unapitisha kidole kati ya ubavu na kikombe cha springi. Basi! Fenda ndiyo yenye kazi, kwa sababu lazima utoe springi, upandishe tairi kwa jeki hadi mwisho, kisha uzungushe usukani pande zote mbili. Wao hawakupima hata kile chepesi.

Na muuzaji naye asijifiche. Koilova ina mwili mwembamba kuliko shokapu ya kiwandani, kwa hiyo watu wanadhani nafasi itaongezeka. Lakini kikombe cha springi cha kiwandani kwa kawaida hukaa juu ya tairi, na cha koilova kinashuka kila unaposhusha gari mpaka kinafika usawa wa bega la tairi. Nilipomuuliza walijaribu kwa rimu ya ET ngapi, akasema tairi yangu ndiyo pana. Tairi ya 225, saizi ambayo gari lilikuwa nayo siku zote!

Nimeenda kwa fundi mwingine. Akarudisha zile bolti za chini zilivyokuwa, kemba akaichukua juu kwenye sahani ya shokapu, ile inayoifunga kwenye bodi ya gari, ambako shokapu na tairi vinalala pamoja na nafasi inabaki ile ile. Akaongeza spesa, kile kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu, ya milimita 5 inayokaa sawasawa kwenye habu. Kabla ya kuifunga alihesabu mizunguko ya nati: bolti zangu ni za milimita 12, kila mzunguko wa nyuzi ni milimita 1.5, kwa hiyo spesa hiyo inakula zaidi ya mizunguko 3, na yeye hakubali nati iingie chini ya mizunguko 8. Zilikuwa hazitoshi, tukabadilisha bolti kwa ndefu zaidi. Kisha akatoa springi akaangalia fenda upya, maana sasa tairi imetoka nje kwa milimita 5. Haigusi. Wili alaimenti ikaja mwisho. Sauti imekwisha.

Tairi nimenunua kwa pesa yangu. Gereji ya kwanza hawapokei simu. Nawataka warudishe gharama ya tairi na ya ile plastiki, na muuzaji aandike kwenye tangazo lake upana wa rimu, ET na saizi ya tairi aliyojaribia.

Wenye koilova kwenye MacPherson, naomba mpige jeki leo mwandike hapa chini: ET, saizi ya tairi, na milimita zilizobaki kati ya ubavu na kikombe. Yangu sasa ni 6.