Tupeane uzoefu: maneno rahisi ya kulipia kwenye matangazo ya Google, sisi wenye biashara ndogo Mombasa

fundi_baridi (Tudor)
Assalaam aleikum jamaa zangu. Mimi natengeneza AC na friji, na wateja wengi siku hizi hunipata kwa tangazo la Google. Nafungua uzi huu kwa sababu naona wenzetu wanalipia maneno makubwa, pesa zinakwisha kabla ya adhuhuri na simu hailii. Google hukutoza kila mtu anapobofya tangazo lako, basi ukiweka neno "AC" peke yake unamlipia anayeulizia bei ya AC mpya, mwenye AC ya gari, na mwanafunzi anayeandika insha.

Maneno yangu mimi nayatoa vinywani mwa wateja. Mteja hapigi simu kusema kompresa imekufa. Husema AC inavuja maji ndani, friji haigandishi, AC yapuliza hewa ya moto. Huku kwetu chumvi ya bahari hula ile mashine ya nje, na mama mmoja wa Nyali aliniambia, "ile ya nje imeota kutu, yanguruma usiku kucha." Maneno kama hayo nayaandika vilevile yalivyotamkwa, kisha naongeza jina la mtaa. Wanaoyagombania ni wachache, na anayeyatafuta ana shida saa hiyohiyo.

Na hesabu naipiga kwa mteja, siipigi kwa kliki. Tuseme kliki ni shilingi 15, lakini wabofye watu 100 ndipo umpate mteja mmoja: huyo amekugharimu 1,500. Kliki ya 60 inayoleta mteja mmoja kwa kila watu 10, umemlipia 600. Hiyo ya pili ndiyo rahisi. Nanyi mwafanyaje?

nyumba_za_bamburi
Waaleikum salaam kaka. Sisi twapangisha nyumba kwa wageni. "Hoteli Mombasa" siigusi kabisa, pale pana makampuni ya kimataifa yenye mifuko mirefu. Mimi nalenga familia: vyumba vitatu, bwawa la kuogelea, jiko, karibu na ufuo, Bamburi. Neno likiwa refu hivyo, anayebofya tayari ajua anachotaka.

Ila angalieni jambo la eneo. Google ikiachwa vile ilivyo huonyesha tangazo kwa walioko mahali ulipochagua pamoja na wale wanaopendezwa na mahali hapo. Wewe fundi chagua walioko tu, maana mtu aliye Kisumu hawezi kukuita umtengenezee friji. Mimi wageni wangu watoka Nairobi, basi nachagua Nairobi, na jina la Bamburi nalitia ndani ya neno lenyewe.

mama_keki_kizingo
Wanangu, msisahau maneno ya kuzuia, yaani yale unayoiambia Google isionyeshe tangazo lako mtu akiyaandika! Ingieni kwenye ripoti ya yale watu waliyoandika hasa kabla ya kubofya. Mimi nauza keki za harusi na za siku ya kuzaliwa, na mle nilikuta watu wanataka mapishi, picha, mafunzo, hata kazi ya kuoka. Kila mmoja wao alikuwa ananila. Nikayazuia yote. Na yazuieni moja moja, kwa sababu neno la kuzuia halivuti visawe vyake wala umoja na wingi: ukizuia "picha ya keki" usidhani "michoro ya keki" imezuiwa pia. Kila Ijumaa baada ya chakula naipitia ile ripoti, nayo hainichukui muda.

kijana_wa_matangazo
Shukran shangazi, hilo huokoa pesa kuliko jambo jingine lolote. Niongeze ya kiufundi, maana hii ndiyo kazi yangu.

Neno lisilo na alama yoyote Google hulichukua kwa upana na kulilinganisha na mambo ya karibu nalo. Litie ndani ya alama za kunukuu, litabanwa kwenye maana ya fungu hilo. Litie ndani ya mabano ya mraba, litabanwa zaidi. Mwenye bajeti ndogo aanze na hayo mawili.

Halafu nafasi ya tangazo na bei yake haviamuliwi na pesa unazotoa peke yake. Zamani, kwenye mnada wa matangazo wa GoTo.com, tovuti ya utafutaji, wa 1998, aliyetoa pesa nyingi ndiye aliyekaa juu. Google mwaka 2002 ikachanganya bei na kadiri watu wanavyobofya tangazo. Leo neno hupewa alama kutoka 1 hadi 10, kwa kuangalia uwezekano wa kubofywa, tangazo kuafikiana na kilichotafutwa, na ukurasa anaofikia mteja. Kwa hivyo anayebofya "friji haigandishi" afike kwenye ukurasa wa friji, asiangushwe kwenye ukurasa wa mwanzo aanze kutafuta upya. Tangazo bora laweza kumpita mwenye pesa nyingi huku likilipa kidogo.

Tahadhari moja: neno likiwa finyu mno, Google huliwekea hali ya utafutaji mdogo, yaani wanaoliandika ni wachache mno, na tangazo halitoki. "Fundi wa friji Tudor nyuma ya msikiti" haitakusaidia.

wakala_shimanzi
Nawasoma kwa makini. Mimi natoa mizigo bandarini. Nimeweka shilingi 500 kwa siku, jana wamenikata karibu 1,000. Nimeibiwa?

kijana_wa_matangazo
Hapana mzee. Siku yenye watafutaji wengi Google yaweza kukukata hadi mara mbili ya bajeti yako ya siku. Kwa mwezi haizidi bajeti ya siku mara 30.4, kwa hivyo wewe mwisho wako ni 15,200. Anza na hesabu ya mwezi, kisha ugawanye.

fundi_baridi (Tudor)
Mzee wa Shimanzi, wateja wako wakipiga simu huuliza vipi: "kutoa gari bandarini" au "ushuru wa gari"? Wa pili huenda anataka kujua kodi tu, asiwe na mzigo wowote. Na walioko Mtwapa na Diani tuleteeni yenu: huko watu huandika jina la mji, au huandika Mombasa tu?